Ini Lisilo na Kosa: Kisa cha Mtoto Mwenye Mashavu ya Miguu Manene

Daftari lilikuwa la mistari, jalada limefunikwa kwa gazeti na juu ya gazeti nailoni, kama tunavyofunika madaftari ya shule. Ndani yake mlikuwa na miezi kumi na minne ya kutafuta ugonjwa wa ini. Homa ya ini B, hakuna. Homa ya ini C, hakuna. Ultrasaundi ya tumbo, ini la kawaida. Halafu vimeng'enya: ALT 285, AST 240, mahali ambapo vyote viwili havitakiwi kupita 40 au zaidi kidogo ya hapo. Vikapimwa tena, vilevile. Mara ya tatu, vilevile. Mtoto alishazuiwa mafuta, akazuiwa maharage, akapewa dawa ya minyoo mara mbili na vitamini chupa sita. Mwenyewe, mvulana wa miaka sita na nusu, alikuwa amekaa kwenye mkeka wa chumba chetu cha mazoezi akizungusha kizibo cha soda sakafuni.

"Haya inuka, dokta akuone," mama yake akamwambia. Mimi si daktari, ni mtu wa fiziotherapia, lakini kwetu kila aliyevaa koti jeupe ni dokta, nami nimeshachoka kukanusha.

Mtoto hakuinuka kama watoto wanavyoinuka. Kwanza aligeuka akalala kifudifudi. Akakita viganja chini, akanyanyua makalio, miguu kaitanua kama mguu wa kamera. Akaisogeza mikono nyuma kidogo kidogo mpaka karibu na miguu. Kisha mkono mmoja ukashika goti, wa pili ukashika goti la pili, akaanza kujisukuma kwa mikono juu ya mapaja yake, kiganja baada ya kiganja, kama mkwezi wa mnazi, ila mnazi wenyewe ni yeye. Aliposimama alivuta pumzi, akatabasamu. Nilihesabu baadaye kwa saa: sekunde saba.

Nililifunga daftari. Namna hiyo ya kuinuka imebeba jina la William Gowers, daktari wa London aliyeieleza mwaka 1879. Ni dalili ya misuli dhaifu ya makalio na mapaja, na mpaka leo haigharimu hata shilingi. Haitaki maabara wala umeme, inataka mkeka na mtu aliye tayari kusubiri sekunde saba bila kumsaidia mtoto.

Sasa niseme linaloniuma. Mtoto huyu nilishamwona. Mwaka mmoja na nusu nyuma aliletwa kwangu kwa sababu alikuwa anachuchumia kila anapotembea, visigino havigusi chini. Nilimlaza kitandani, nikapima kifundo cha mguu, nikaona kano za visigino zimefupika. Nikashika mashavu ya miguu, manene, magumu, yamejaa kama ya mchezaji wa mpira, nikamtania mama kwamba huyu tunamfuga kwa ajili ya timu ya taifa. Nikaandika mazoezi ya kunyoosha kano, na kupanda na kushuka ngazi mara ishirini kila siku. Nilimlaza na kumwinua mimi mwenyewe. Sikumwambia akae chini asimame. Ningemwambia, miezi kumi na minne ya daftari lile isingekuwepo.

Mama pia alikuwa amesema neno ambalo nililisikia likapita: "Anaanguka ovyo. Na akichuchumaa chooni lazima ashike ukuta." Anachuchumia akiwa amesimama, na akichuchumaa hawezi kuinuka. Mambo hayo mawili kwa pamoja yalikuwa utambuzi kamili, nami nililishika moja tu.

Hapa ndipo ugonjwa huu wa misuli unapowahadaa watu. Tumezoea kwamba msuli unaokufa unasinyaa. Mgonjwa wa kifua kikuu aliyechelewa kutibiwa, mwenye saratani, mwenye virusi vya Ukimwi ambaye hajaanza dawa, wote hao misuli yao inakonda mbele ya macho yako: mapaja yanakuwa fimbo, mabega yanabaki mifupa. Lakini hao misuli yao haina kasoro ya asili. Mwili umeingia ghalani. Misuli ndiyo ghala kubwa la protini tulilonalo, inachukua karibu asilimia 40 ya uzito wa mtu mzima, na mwili ukiwa na vita mahali pengine unaimega ili upate nishati ya kuendeshea vita hiyo. Ukikitibu kifua kikuu na mtu akala, ghala linajaa tena. Mvulana wangu ghala lake lilikuwa limejengwa bila misumari. Kilichokuwa kinajaza mashavu ya miguu hakikuwa nguvu. Nyuzi za msuli zilikuwa zinakufa, na nafasi yake inazibwa na mafuta na nyama ya kovu, kwa hiyo kwa nje mguu umenona na kwa ndani umeondoka. Ukitaka kuona kunyauka kwenyewe usitazame shavu la mguu, panda juu: makalio, mapaja, kiuno. Ndiyo maana mgongo wake ulikuwa umebonyea ndani na tumbo limetangulia, na mwendo wake ulikuwa wa bata, bega huku, bega kule.

Sababu yake ni protini moja inayoitwa distrofini. Wanaojua habari za mtepe, ile jahazi ya zamani ya Lamu isiyotumia msumari hata mmoja, wataelewa haraka. Mbao za mtepe zilishonwa kwa kamba za makumbi. Uzuri wake ni kwamba chombo kilinyumbulika na mawimbi bila kupasuka. Uzi wa msuli nao unahitaji mshono wa namna hiyo, kwa sababu kila unapojikunja na kujinyoosha utando wake unavutwa. Distrofini ndiyo kamba inayofunga mitambo ya ndani ya uzi na utando, na kupitia utando mpaka kwenye nyama inayouzunguka nje. Mtoto asiye nayo anatembea na mtepe uliokatwa kamba. Kila wimbi linafungua ubao. Kalsiamu inaingia kwa wingi na kuchoma vitu ndani, na shehena inavuja nje.

Shehena hiyo ndiyo iliyowapoteza wenzangu wa maabara na wa vyumba vya madaktari. ALT na AST zimo ndani ya ini, ni kweli, lakini zimo pia ndani ya misuli. Msuli ukivuja, zinaonekana kwenye damu bila ini kuwa na habari. Tatizo, kwa maoni yangu, linaanzia kwenye fomu yenyewe: imeandikwa "vipimo vya ini", basi kikirudi kikubwa anayeshtakiwa ni ini. Kingeitwa tu "vimeng'enya viwili", tungejiuliza vimetoka wapi. Kwenye daftari lile bilirubini ilikuwa sawa mara zote tatu, macho ya mtoto meupe, na hakuna aliyepima GGT, kimeng'enya ambacho misuli haikitoi. Tulipokipima kilikuwa 17, yaani cha kawaida kabisa. Tukapima CK, kreatini kinasi, ambayo shina lake ni msuli. Kwa mtu wa kawaida haipiti 200 hivi. Yake ilikuwa 18,400. Fundi wa maabara alinipigia simu kuuliza kama sampuli haikuharibika njiani.

Tukaondoa vingine kimoja kimoja. Matege hayakuwepo. Polio hushika mguu mmoja zaidi ya mwingine, na mguu hulegea ghafla, wala haungoji miaka miwili mitatu. Ugonjwa wa mishipa ya fahamu ya uti wa mgongo, ule unaonyausha misuli ya watoto kwa kufa kwa neva zake, haupandishi CK kwa kiwango hicho, na ulimi huwa unatetemeka kama una funza chini yake. Ulimi wa huyu ulikuwa umetulia. Tezi ya shingo ilipimwa, haikuwa na neno.

Siku ya tatu alikuja na bibi yake mzaa mama. Hapo nilijifunza kitu kuhusu lugha yetu ambacho shuleni hakuna aliyenionyesha. Vitabu vinasema uliza historia ya familia. Ukiuliza hivyo unajibiwa "hakuna", kwa sababu watu wanafikiria kisukari na presha. Nikamuuliza bibi hivi: "Mama, huyu wajomba zake wako wangapi?" Bibi akanyamaza. Kisha akasema wako wawili, na mmoja alitangulia.

Mjomba huyo aliacha kutembea akiwa darasa la nne. Walimbeba mgongoni kwenda kwa waganga watatu. Wa kwanza alisema kakanyaga kitu njiapanda, wa pili akasema jini la bahari, wa tatu alichukua mbuzi. Alikufa na miaka kumi na saba, kifua kimembana, usiku. "Naye alikuwa na mashavu ya miguu hivihivi," bibi akasema, akamshika mjukuu mguu. "Tulikuwa tunayasifia."

Mjomba si ami. Ami ni ndugu wa baba, mjomba ni wa mama, na ugonjwa huu unapita njia ya mjomba. Jeni ya distrofini iko kwenye kromosomu X. Mwanamke ana X mbili, ikiharibika moja ya pili inamsitiri. Mwanamume anayo moja tu, aliyopewa na mama, na ikiharibika hana akiba. Wengine wanatumia neno moja tu kwa ndugu wa baba na wa mama, inabidi waulize mara mbili. Sisi tumepewa maneno mawili tayari, basi tuyatumie: uliza mjomba, uliza watoto wa kiume wa mama mkubwa na mama mdogo. Wa shangazi na wa ami hawahusiki na njia hii.

Jina la ugonjwa ni distrofia ya misuli ya Duchenne, kwa heshima ya Mfaransa aliyewachambua wavulana wa namna hii katika miaka ya 1860, ingawa Mwingereza Edward Meryon alikuwa ameshauelezea kabla yake. Jeni yenyewe ilinaswa katikati ya miaka ya 1980 na kundi la Louis Kunkel huko Boston, na distrofini ikapewa jina lake mwaka 1987. Ni miongoni mwa jeni ndefu kabisa za binadamu, herufi zaidi ya milioni mbili, vipande 79 vyenye ujumbe. Urefu huo ni balaa lake, kwani penye uzi mrefu ndipo penye nafasi ya kukatika. Karibu theluthi ya wavulana wanaougua, hitilafu imeanza kwao wenyewe na mama hana chochote. Kwa jumla ni mvulana mmoja katika kila 3,500 hadi 5,000 wanaozaliwa, na hakuna ukoo wala rangi iliyosamehewa.

Sampuli ya damu ilisafirishwa nje ya nchi na majibu yakachukua wiki kumi na moja: vipande vya 45 hadi 50 havipo. Baba, fundi seremala, mtu wa maswali, aliniuliza: kama ni vipande sita tu kati ya 79, kwa nini isibaki distrofini fupi tu ikafanya kazi? Swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa darasani. Nikamwandikia nyuma ya karatasi ya majibu: MTU ALE UJI LEO. Seli inasoma herufi tatutatu, haijui nafasi kati ya maneno. Ukiondoa neno zima, UJI, inabaki MTU ALE LEO. Imepungua lakini inasomeka, na mwenye hitilafu ya aina hiyo hupata ugonjwa mpole zaidi, wa Becker, wengine wanatembea mpaka utu uzima. Lakini ukiondoa herufi moja tu, ile A ya neno la pili, inakuwa MTU LEU JIL EO. Kuanzia hapo ni upuuzi mtupu, na seli inatupa kazi yote. Vipande 45 hadi 50 vikiondoka, herufi zilizopotea hazigawanyiki kwa tatu. Baba akaisoma mara mbili, akasema, "Kumbe ni kipimo cha mbao. Umekosea mwanzo, kabati zima linakwenda upande."

Usiku huo akaingia kwenye simu. Asubuhi alikuja na habari za dawa inayokiruka kipande cha 51 ili usomaji urudi kwenye mstari, na kwa hitilafu ya mtoto wake hesabu inakubali. Ni kweli dawa hiyo ipo. Marekani waliiruhusu mwaka 2016 kwa ushahidi ambao wengi waliuona mwembamba, Ulaya wakaikataa mwaka 2018. Hudungwa kwenye mshipa kila wiki, maisha yote. Na ile ya kupandikiza jeni fupi, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2023, bei yake ilitangazwa dola milioni 3.2 kwa mtoto mmoja. Baba aliuliza, "Dokta, tukichanga?" Nilimpa jibu kwa shilingi za Tanzania, zaidi ya bilioni saba, tukakaa kimya wote wawili. Sikuona haja ya kumwambia kwamba hata hizo hazimponyi mtoto kabisa. Nilimwambia wiki iliyofuata.

Kinachopatikana kwetu ni prednisoloni, kidonge cha bei ndogo kuliko soda. Haitibu, lakini inapunguza moto ndani ya msuli, na inaweza kumwongezea mtoto miaka ya kutembea kwa miguu yake. Kipimo kinachotumika sana ni miligramu 0.75 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Alikuwa na kilo 18, daktari akampa vidonge viwili na nusu vya miligramu tano kila asubuhi baada ya uji. Kwanza tukahakikisha hana kifua kikuu na chanjo zake ziko sawa. Mama nikamwambia mambo matatu na kumfanya anirudie: uso utavimba, hamu ya kula itapanda, na dawa hii haikatwi ghafla hata ikiisha siku ya sikukuu, kwa sababu mwili unakuwa umeacha kutengeneza ya kwake.

Upande wangu nilifuta nilichoandika mwanzo. Kupanda ngazi kunachosha msuli. Kushuka ngazi kunauumiza, kwa sababu unafanya kazi huku unarefushwa, na hapo ndipo mshono unapokatika. Mara ishirini kila siku, kwa maagizo yangu. Sasa anaogelea baharini Jumamosi na mjomba wake aliyebaki, ananyooshwa kano jioni, na usiku anavaa plastiki za kushikilia vifundo ili visigino visizidi kupanda. Moyo unapigwa eko, yaani ultrasaundi ya moyo, kila mwaka, maana moyo nao ni msuli na distrofini wanagawana. Shuleni niliandika barua fupi kwa mwalimu mkuu: asipigishwe magoti, asikimbizwe mchakamchaka, na akiwa wa mwisho kuinuka si jeuri. Barua ilisaidia nusu. Nusu iliyobaki ilimalizwa na bibi, ambaye alikwenda mwenyewe.

Jambo nililolifanya vibaya ni namna ya kutoa majibu ya ukoo. Nilisema "imetoka upande wa mama" mbele ya shangazi wa mtoto. Maneno hayo yalifika nyumbani kabla ya mama mwenyewe, na kwa miezi miwili alilala kwao. Ningesema kilicho kweli vilevile, kwamba kila mimba ya mtoto wa kiume ni kama kurusha shilingi na hakuna anayechagua upande utakaoangukia, na ningemwambia peke yake. Yeye pia alihitaji eko ya moyo, kwa kuwa wanawake wanaobeba jeni hii wakati mwingine moyo wao huchoka. Alikataa mpaka aliporudi kwa mumewe. Moyo wake uko sawa. Dada wa mtoto ana miaka kumi na moja. Tumekubaliana ataulizwa yeye mwenyewe akishakua.

Mwaka jana, mtoto akiwa na miaka tisa, alitakiwa kufanyiwa upasuaji wa ngiri katika hospitali nyingine, mbali na kwetu. Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya nilikuwa nimeandika kwa kalamu nyekundu kwamba asipewe suksamethoni wala nusu kaputi ya kuvuta. Suksamethoni, dawa ya kulegeza misuli ambayo vyumba vingi vya upasuaji wanayo mezani, kwa mtoto mwenye Duchenne inaweza kumwaga potasiamu nyingi ya misuli kwenye damu kwa mara moja na moyo ukasimama hapohapo. Mama alikuwa kibaruani siku hiyo, aliyempeleka ni bibi, ambaye hasomi.

Saa tatu na robo asubuhi simu yangu iliita. Ni mtu wa usingizi wa hospitali ile, ananiuliza maandishi mekundu ni ya nani na yana maana gani, kwa sababu kuna bibi amekaa mlangoni kwa chumba cha upasuaji, amekunja mguu, daftari kifuani, anasema mtoto hapiti mpaka mtu alisome ukurasa wa kwanza kwa sauti. Wakamchoma ganzi ya mgongoni. Ngiri ilishonwa dakika arobaini.